Aliyekata mkia ndiye aliyeutengeneza



Jumamosi iliyopita tulitundika shuka ukutani, tukaazima projekta, tukaangalia How to Train Your Dragon, ile filamu ya mwaka 2010. Wadogo walicheka sana. Sisi wakubwa tukaishia kubishana mpaka usiku, ndo maana tunaandika.

Kwa wale ambao hawajaiona: kwenye kisiwa cha Berk, Waviking na majoka wamepigana miaka na miaka. Majoka yanakuja usiku, yanaiba kondoo, yanachoma nyumba. Vijana wanafundishwa kuyaua. Hiccup, mtoto wa chifu, anatungua joka linaloogopwa kuliko yote. Analikuta porini limenaswa kwenye kamba, anainua kisu, anashindwa. Ameona kwamba joka nalo linaogopa kama yeye.

Hapo mwenzetu mmoja, aliyepoteza baba yake kule nyumbani, akasimama: "Hii ni hadithi ya watu ambao hawajawahi kuzika mtu."

Hakuna aliyemjibu haraka. Hapa Nakivale tupo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Makazi haya yapo tangu 1958, na wengine wetu tumezaliwa hapahapa. Kwenye foleni ya maji, jerikani lako linaweza kufuatana na la mtoto wa watu ambao kwenu hata kabila lao halitajwi. Na sasa vijana watatu wa "upande ule" wameomba kuingia kwenye kikundi chetu. Kuna wanaosema waje. Kuna wanaosema wakiingia hao, sisi tunatoka.

Maoni yetu ni haya. Filamu haisemi "sahau yote, mkumbatiane". Angalieni mambo yanavyofuatana. Hiccup anapoleta samaki, joka halimkaribii mpaka atupe kisu chake. Halafu joka haliwezi kuruka, juu kipande cha mkia kimekatika, na aliyesababisha ni Hiccup mwenyewe. Hasemi pole akaondoka. Anaenda kwenye karakana ya mhunzi, anatengeneza kipande kingine cha ngozi na chuma, anakifunga kwa mikono yake. Urafiki unakua wakati kazi hiyo inaendelea.

Kuna mahali hatukubaliani na filamu. Mwishoni inaonekana majoka yanaiba kwa sababu kuna joka moja kubwa linayalazimisha. Likiuawa, vita imeisha. Kwetu sisi vita haina joka moja. Kweli wapo vijana walioshikishwa bunduki kwa nguvu. Lakini wapo pia walioua kwa kupenda, na hao inabidi wajibu mbele ya sheria. Kusema "wote tulikuwa wahanga tu" ni kumdanganya mwenzetu aliyepoteza baba.

Lakini hawa watatu ni nani? Walifika hapa wadogo kama sisi, wamebebwa mgongoni. Hawajamtungua mtu. Tena tuseme ukweli unaotuuma: mwaka jana mmoja wao alikuja kwenye mazoezi ya mpira, tukamfukuza kwa lile jina la matusi ambalo wote tunalijua. Hakurudi tena. Pale aliyekata mkia ni nani? Ni sisi.

Kwa hiyo kazi ya kuanza ni yetu. Kwanza tuweke kisu chini: lile jina lisisikike tena kwenye kikundi. Pili, twende kwao, tumwombe msamaha yule kijana mbele ya wenzake, turudi naye uwanjani. Tatu, wakiingia, kila mtu asimulie yaliyompata bila kunyamazishwa, wao na sisi.

Hatusemi itakuwa rahisi. Hiccup mwenyewe anamaliza filamu na mguu mmoja. Joka lina mkia wa kuunganishwa, yeye ana mguu wa kuunganishwa, na wanaruka hivyohivyo.

Mwenzetu hajakubali, na hatutamlazimisha. Amesema atakuja siku hiyo, ila atakaa karibu na mlango. Sisi tumemwambia kiti chake kitakuwepo, na akitaka kutoka hakuna atakayemuuliza.

Nyinyi mlio Nyarugusu, Kakuma na kwingine, kwenu mambo haya mnayafanyaje? Tuandikieni. Tunahitaji kusikia kabla ya Jumamosi.