Bei ya Rangi Ijadiliwe Kwenye Praima
JICHO LA MITUNDU, na Mwana Itigi

Mwenye gari akifika kwa fundi rangi huuliza bei, kisha siku ngapi. Maswali hayo mawili huiharibu kazi kabla kompresa haijawashwa. Rangi yenyewe ni kitu chembamba mno: gari likitoka kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, praima, rangi na klia, hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo hakuna pa kufichia kasoro. Kutu iliyofunikwa kwa puti itaendelea kula bati, na mikwaruzo ya msasa namba 80 isiyolainishwa kwa 320 na 600 itajitokeza rangi ikikauka. Basi watu wabishane juu ya maandalizi. Taa na bampa zinafunguliwa, au zinazungushiwa gazeti tu? Kutu inakwanguliwa mpaka bati lionekane jeupe? Kompresa ina kichujio cha maji? Mteja arudi gari likiwa kwenye praima, akague, ndipo atoe fedha ya awamu ya pili. Akisubiri mpaka mwisho atadanganyika, maana wiki ya kwanza kila gari hung'aa.

Hapa Mitundu mtu atasema: ya nini gharama yote hiyo, na kesho gari linarudi kwenye vumbi la njia ya Itigi? Lakini vumbi linalotua juu ya klia iliyokwisha kushika huoshwa, na mikwaruzo yake hupigwa polishi. Linalotua juu ya rangi mbichi ndilo halitoki, na hilo fundi analizuia kwa turubai, sakafu iliyomwagiwa maji, na kupuliza asubuhi umande ukishakauka, kabla ya upepo. Hoja nzito ni ya mwenye Noah ya abiria: gari likilala gereji wiki mbili, nyumbani watakula nini? Simlaumu. Ila huyo asipake gari zima kwa haraka. Atibu penye kutu tu, kwa rangi ileile, arudi barabarani. Viraka si aibu, na hatalazimika kwenda TRA kubadilisha rangi kwenye kadi. Kuna na afya ya fundi. Hadena ya rangi za magari kwa kawaida ina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu, na kitambaa cha puani hakiizuii. Bei ikibanwa kupita kiasi, kinyago cha kufaa ndicho kinachokatwa kwanza, kabla hata ya puti.