NASAHA KWA VIJANA: Mali Bila Daftari



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi huu twapenda kuwanasihi vijana wetu wa Moshi na wa vijiji vya mlimani juu ya biashara iliyoenea katika simu, nayo ni kununua na kuuza fedha za kigeni ndani ya siku moja, ambayo wenyewe waiita foreksi. Tutazitazama desturi za kila siku za yule aifanyaye, na mahali anapochota elimu yake. Kwani mfanya biashara hujulikana kwa jinsi aianzavyo siku yake na aimalizavyo.

Tuanze na wale tuwajuao. Mama auzaye ndizi katika soko la Mbuyuni huamka kabla ya alfajiri. Kabla hajauza hata kichane kimoja, amekwisha jua mkungu aliununua kwa bei gani huko Mwika au Marangu, nauli ilikuwa kiasi gani, ushuru wa soko kiasi gani, na ndizi ngapi zaweza kuoza zisiponunuliwa. Mnunuzi wa kahawa katika mnada wa hapa Moshi naye hanunui kwa kukisia. Sampuli hukaangwa, ikasagwa, ikatiwa maji ya moto, akaionja kwa kijiko na kuitema, kisha akaandika. Huangalia daraja, kama ni AA au A au B, na huangalia bei ya New York. Wote wawili bei yaweza kuwageuka. Lakini kila mmoja ana bidhaa aishikayo, ana hesabu, na anajua hasara aiwezayo kuibeba.

Sasa tumtazame kijana wa foreksi. Asubuhi hungoja soko la London lifunguliwe, ambayo kwetu ni saa nne au saa tano, kwa kufuata majira yao. Alasiri hungoja habari za Marekani. Kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi hutangazwa hesabu ya ajira za huko, kwetu ni saa tisa na nusu au saa kumi na nusu, na katika dakika chache bei hurukaruka. Mchana kutwa macho yake yamo katika michoro iliyo mfano wa mishumaa, na usiku hapati usingizi.

Hatari kubwa imo katika mkopo wa dalali. Kijana akiweka Sh. 100,000, dalali aweza kumruhusu kushika fedha za Sh. 10,000,000. Bei ikimgeuka kwa 1 tu katika 100, Sh. 100,000 zake zote zimekwenda. Huko Ulaya, mwaka 2018, mamlaka ya masoko iliamuru mkopo huo usizidi mara 30 kwa fedha zilizo kubwa, baada ya kuona kuwa katika kila akaunti 100 za watu wa kawaida wafanyao biashara za namna hii, kati ya 74 na 89 hupata hasara.

Kijana mmoja niliyemsomesha zamani aliniambia, "Maalim, siku nyingi nashinda." Nikamwomba aniandikie kila siku moja kwa moja katika daftari, na tukazijumlisha pamoja. Aliweka Sh. 400,000. Katika siku 40 alishinda siku 29, na jumla ya faida ikawa Sh. 261,000. Alishindwa siku 11 tu, lakini jumla ya hasara ikawa Sh. 539,000. Zilibaki Sh. 122,000. Hakusema uongo, siku nyingi alishinda kweli. Lakini faida alikuwa akiikimbilia ingali ndogo, na hasara akiingoja kwa matumaini kuwa itarudi, hata siku moja ya hasara ikala faida ya siku tano na zaidi. Bila daftari asingalijua.

Wala asidhani mtu kuwa mazoea peke yake yatamponya. Wasomi wa Brazil waliwachunguza watu walioanza biashara ya siku moja katika soko la mikataba ya hisa la nchi hiyo baina ya 2013 na 2015. Katika wale walioendelea zaidi ya siku 300, 97 katika kila 100 walipoteza fedha.

Amma walimu wa simuni, waulize jambo moja: wakuonyeshe daftari lao la mwaka mzima, faida na hasara. Madalali wengi humlipa ujira amletaye mteja, na mara nyingi ujira huo hutoka katika kila ununuzi wa mteja huyo. Basi mwalimu hupata, hata mwanafunzi akikosa.

Kwa upande wa dini, Bwana Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa dhahabu kwa fedha hubadilishwa mkono kwa mkono. Wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, walipokutana Makka mwaka 2006, waliikataza biashara hii ya mkopo wa dalali. Walitaja riba ya kulaza usiku, na pia mkopo uliofungwa na sharti la kununua na kuuza kwa dalali yule yule. Kwa hiyo kuiita akaunti "ya Kiislamu" kwa kuondoa ada ya usiku hakumalizi jambo.

Apendaye biashara ya masoko, mlango upo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa Aprili 1998, la kwanza likiwa kampuni ya TOL. Hapo mtu hununua sehemu ya kampuni kwa fedha yake mwenyewe. Lakini achague, kwani wamo watengeneza pombe na mabenki ya riba. Na ajue kuwa hisa nazo hushuka. Dalali yeyote aulizwe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Na atakaye kujifunza kutunza hesabu, tunacho hapa Moshi Chuo cha Ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho sasa ni Chuo Kikuu.

Enyi vijana, andikeni miezi sita bila kuweka hata senti. Msiguse ada ya shule, msiweke kihamba rehani, wala msikope. Nanyi wazazi, msimfokee kijana. Kaeni naye jioni, mwambieni kwa upole alete daftari, mjumlishe pamoja. Hesabu ikisema, ugomvi hauhitajiki.