Habari za Bure Zina Mwenyewe

Wasee, kuna gazeti lililowaaga wasomaji wake kwa madharau. Lilikuwa linaitwa Express, lilimilikiwa na Washington Post, na tangu 2003 lilikuwa linagawiwa bure kwa watu wanaopanda treni za jiji la Washington wakienda kazi. Septemba 2019 wakatoa toleo la mwisho. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa, wakawaambia wasomaji basi wafurahie hizo simu zao zinazonuka. Siku hiyo waandishi 20 walikuwa wanapoteza kazi.

Mara ya kwanza kuona picha ya huo ukurasa nilicheka, nikaiweka kwa status. Baadaye nikaifikiria tena nikaona hao watu walimlaumu mtu asiye na kosa. Simu ilikuja tu kwa matanga. Mgonjwa alikuwa ashakufa. Na kilichomuua ndicho hicho hicho mimi na wewe tunakula kila siku na kushukuru.

Ngoja nirudi mwanzo, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuona hiyo biashara ikiwa na nguvu.

Tarehe 13 Februari 1995, mjini Stockholm, gazeti linaitwa Metro lilianza kugawiwa kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Hesabu yao ilikuwa simple. Kuna maelfu ya watu, wengi vijana, wana kazi, wana pesa mfukoni, na kila asubuhi wanakaa kwa treni dakika 20 bila cha kufanya. Hawanunui gazeti. Sasa wape la bure. Andika habari fupi fupi, nyingi ununue kutoka mashirika ya habari, ajiri waandishi wachache, kubaliana na wenye treni uweke magazeti pale mlangoni. Gharama zote zilipwe na matangazo.

Ilishika moto. Metro ikaenea hadi miji zaidi ya 100 duniani. Uswisi na Ufaransa kukawa na jingine ambalo hata jina lilikuwa ni hesabu yenyewe, 20 Minuten kule na 20 Minutes huku. London, wenye Daily Mail walisikia Waswidi wanakuja, wakawahi na Metro yao mwaka wa 1999. Paris, 2002, wafanyakazi wa viwanda vya uchapishaji waliandamana na kumwaga magazeti ya bure barabarani. Walisema haya yatatumaliza. Walionekana watu wa kale wanaopigania ugali wao tu. Ni kweli walikuwa wanapigania ugali wao. Lakini shika hapo, tutarudi kwao.

Kilele cha wazimu kilikuwa London 2006. Kampuni mbili kubwa zilianzisha magazeti mawili ya bure ya jioni karibu wakati mmoja, London Lite na thelondonpaper. Wagawaji wakawa wanakusukumia gazeti mkononi kila kona, na baraza la Westminster likalalamika kwamba barabara zimejaa takataka za magazeti. Ilipofika mwisho wa 2009, yote mawili yalikuwa yamefungwa. Mwaka huo huo Evening Standard, gazeti lililoanza 1827 na ambalo watu walikuwa wanalinunua, nalo likaamua kuwa la bure. Septemba 2024 likaacha kutoka kila siku, likawa la wiki. Wenyewe walisema wamepata hasara ya zaidi ya pauni milioni 80 kwa miaka sita, na wakataja sababu: waifai imeingia kwa treni na watu wanafanyia kazi nyumbani. Ile Metro ya kwanza ya Stockholm ilikuwa tayari imeacha kuchapishwa mwaka wa 2019.

Na msidhani hii ni stori ya wazungu pekee. Hapa kwetu, 2014, Mediamax waligeuza gazeti lao la The People likawa People Daily, la bure. Wale mlikuwa Nairobi mnakumbuka. Ukiwa umekwama kwa jam, gazeti linaingia kwa dirisha la mat, na hakuna anayekuuliza pesa. Tulizoea haraka sana.

Sasa shida iko wapi?

Watu husema karatasi imepitwa na wakati, simu imeshinda, mwisho wa mjadala. Mimi nakataa. Redio ilikuja, TV ikaja, na magazeti yakabaki. Leo hata magazeti ya kuuzwa yanaumia, siwezi kudanganya. Lakini gazeti la kuuzwa likiumia, angalau kuna mtu wa kuliendea na kumwambia: wewe ulikuwa unalipa kwa karatasi, tafadhali lipa kwa simu. Wengine wamepona hivyo. Gazeti la bure lilimwendea nani? Halikuwa na mteja hata mmoja kati ya wasomaji wake. Mteja wake alikuwa mwenye tangazo. Sisi tuliokuwa tunasoma tulikuwa mzigo unaopelekwa sokoni, na treni ndiyo ilikuwa inatubeba.

Halafu Google na Facebook wakamwambia mwenye tangazo: hao watu wa treni unawanunua wote kwa pamoja bila kujua nani ni nani, sisi tutakuuzia yule yule mmoja anayetafuta viatu leo. Akahama. Hata kwaheri hakusema. Na msomaji akafanya nini? Akatoa simu mfukoni. Hakuna aliyeandamana, hakuna aliyeuliza gazeti letu limeenda wapi, kwa sababu halikuwa letu.

Hiyo ndiyo point yangu, na nitairudia polepole. Kitu usicholipia huna sauti juu yake. Aliyelipa ndiye ataamua kama kitaishi, na siku akiamua kiende, wewe hutaulizwa.

Hapa Kenya tunajua vizuri mwenye matangazo akikasirika inakuwaje. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote ya redio na TV yapelekwe KBC. Serikali ni mmoja wa watangazaji wakubwa nchi hii. Fikiria wewe ni mhariri wa kituo kingine, una mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi, na mezani kuna stori inayomchoma waziri. Unaweza kuiweka hewani, kuna wahariri wana roho ngumu. Lakini mtu akikuambia hiyo agizo haikupita kichwani mwako hata sekunde moja, anakudanganya. Sasa chukua chombo ambacho shilingi yote, mia kwa mia, inatoka kwa matangazo. Hapo ndipo gazeti la bure liliishi kila siku.

Lakini pia sitaki kuwa mtu wa kutupia maiti mawe. Yale magazeti yalikuwa na kitu ambacho tumekipoteza, na hatukioni kwa sababu hatukuwahi kukitaja. Mtu wa kufagia ofisi na bosi wa ofisi hiyo walisoma ukurasa ule ule asubuhi ile ile. Kama kuna uongo, wote waliona uongo mmoja, na kulikuwa na mhariri mwenye jina na kampuni unayoweza kuishtaki. Halafu gazeti lilikuwa linaisha. Ukifika ukurasa wa mwisho umemaliza, unalikunja, unaliacha kwa kiti mwingine asome. Halikuhitaji bando. Halikujua kwamba jana saa nane usiku ulikuwa unaangalia vidio za watu wakipigana.

Simu yako inajua. Na simu ndiyo gazeti la bure la sasa, lile lile la Stockholm, tofauti ni kwamba limetolewa mhariri na limetolewa ukurasa wa mwisho. Biashara haijabadilika hata kidogo. Macho yako yanauzwa. Zamani yaliuzwa kwa dakika 20, sasa ni kutoka ukiamka hadi simu ikuangukie usoni.

Na hapa wacha nijiseme mwenyewe kabla hamjanisema kwa comments. Watu huniambia, wewe ndiwe media sasa, magazeti yamekwisha. Wasee, mimi sio media. Asubuhi nyingi nasoma stori iliyoandikwa na mtu aliyekaa kortini masaa sita kwa benchi la mbao, naifupisha kwa dakika moja na nusu, naweka sura yangu na muziki kidogo, na likes zinakuja kwangu. Kuna wakati hiyo stori niliitoa kwa PDF iliyokuwa inazunguka Telegram saa kumi na moja alfajiri, kabla hata muuzaji wa gazeti hajafungua meza yake. Gazeti zima, bure. Niliishea kwa group tatu na nikaona nimesaidia jamii. Yule ripota alipata nini kutoka kwangu? Sufuri. Akifutwa kazi kesho, mimi nitakuwa natoa wapi?

Juni 2024 tulijivunia, na tulikuwa na haki. Mswada wa Fedha tuliusoma wenyewe, tukauvunja vipande, tukautafsiri kwa lugha za mama zetu, tukafundishana kwa TikTok na kwa X. Lakini mswada ni karatasi ya serikali, iko pale, unaipakua. Nani anakaa kwenye bunge la kaunti yako Jumanne mchana wakipitisha bajeti ya zahanati bila mtu kuangalia? Nani anasoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu ukurasa wa 200? Nani anarudi kwa kesi baada ya kuahirishwa mara ya tisa? Hiyo kazi haina muziki na haitrendi. Inahitaji mtu anayelipwa kuifanya hata wiki ambayo hakuna drama. Ukitegemea mwenye tangazo la kubeti aigharamie, utangoja.

Najua jibu lenu. "Hatuna ganji." Ni kweli, na sitaki kumhubiria mtu anayetafuta fare. Kusoma gazeti ukiwa umesimama kwa meza ya muuzaji hadi akufukuze si dhambi, wazazi wetu walifanya hivyo na wakajua mambo. Lakini wengi wetu tunanunua bando la usiku, tunanunua smokie mbili na mayai, tunatuma zawadi kwa watu wanaocheza densi kwa live. Pesa ipo kidogo kidogo. Tumezoea tu kwamba habari ndiyo kitu cha mwisho kabisa kulipiwa, na hiyo tabia tulifunzwa na watu waliokuwa na sababu ya kutufunza.

Mtu mwingine ataniambia Metro ya London bado ipo, inagawiwa hadi leo. Sawa. Ipo kwa sababu nyuma yake kuna kampuni kubwa yenye magazeti mengine, inayoweza kuibeba. Hiyo ni bahati ya mtoto wa tajiri. Ripota wa kaunti yako hana mama kama huyo.

Kwa hivyo mimi nimeamua mambo matatu, na nayasema hapa ili mnishike nikiteleza. PDF za magazeti sishei tena. Kila nikitumia kazi ya ripota nitataja jina lake na chombo chake mwanzoni, hapo ambapo watu wanaona, sio chini kwa herufi za siafu. Na kila wiki nitanunua gazeti moja la karatasi, nilisome, kisha niliache kwa kiti cha mat kama wale wa treni walivyofanya. Wewe fanya moja kati ya hayo. Hata la pili pekee halikugharimu hata ndururu.

Wale wa Paris waliomwaga magazeti barabarani walikuwa wanapigania kazi zao, sawa. Lakini walijua kitu tulichokataa kusikia: mtu akianza kukupa habari bure, uliza ni nani amelipa, na anatarajia nini kutoka kwako. Nami pia niulizeni. Hii post umeisoma bure.