KANZU YA MWAKA JANA HAITAMTOSHA



Msimu huu wazazi wengi kati yetu wanafunga sanduku na godoro. Mtoto wa juzi amemaliza KCSE, amepata nafasi chuoni. Mwingine ameitwa na mjomba wake Nairobi akatafute kazi. Matatu ikishaondoka, unarudi, unafungua mlango wa kile chumba na nyumba imenyamaza. Swali linakuingia: je, hapa bado ni kwao?

Soma 1 Samweli 2:19. Samweli alitoka nyumbani akiwa mdogo kuliko huyu wako. Hana alimwacha Shilo, akarudi Rama. Lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Fikiria hiyo kazi, mzazi. Mtoto hayuko mbele yako umpime. Lazima umuwaze: mabega yamefika wapi? Mikono je? Kanzu ya mwaka jana haitamtosha.

Wengi wetu tunakosea hapo. Mtoto ana miaka 18, ana kitambulisho, na sisi bado tunamvisha kanzu ya darasa la sita. Tukimpigia ni kumhoji: uko wapi, uko na nani, pesa umepeleka wapi? Halafu tunashangaa simu haishikwi.

Wengine wanasema, "Ukitoka hapa, umetoka!" Mpendwa, neno hilo lisitoke kinywani mwako. Kijana atakayeharibikiwa huko, akikumbuka neno hilo, atatafuta pa kwenda kwingine. Na wanaomngoja huko kwingine si wote wanaomtakia mema.

Kama hali ni ngumu na chumba chake amepewa mdogo wake, hiyo si dhambi. Kwao si kitanda. Wazee wa Kiluo walilijua hili: kijana akikua alijenga simba yake, akatoka nyumba ya mama, lakini simba ilisimama ndani ya boma la baba. Alipewa nafasi bila kufukuzwa.

Nawe kijana unayesoma haya chuoni au kwenye chumba cha kupanga: uhuru si kukata mzizi. Usimpigie mama siku ya kuishiwa pekee. Mwambie umekula nini leo. Kwake hiyo ni habari kubwa.

Sasa ona mwisho wake. Samweli alipokuwa mwamuzi, alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiamua Israeli. Kisha 1 Samweli 7:17 inatuambia alirudi Rama, kwa sababu nyumba yake ilikuwa huko. Mtoto aliyeondoka akiwa hajui kujivisha alirudi mtu mzima, kwa hiari yake.

Mzazi, mpigie leo. Usimuulize matokeo. Muulize hali, umsikilize, umwombee kwa jina lake.

Baba, walinde watoto wetu walio mbali. Tupe mioyo ya kuwashonea upya. Katika jina la Yesu. Amina.