Virusi vya Hanta: Damu Huvuja, Damu Huganda

Virusi vya Puumala, aina ya hanta iliyopewa jina la mji mdogo wa Finland, huambukizwa hasa kwa kuvuta vumbi lenye mkojo au kinyesi cha panya wa msituni. Siku za mwanzo za ugonjwa, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda hupungua sana, hivyo wengi hudhani kuwa hatari ni kutokwa na damu pekee. Dhana hiyo haitoshi. Kuta za mishipa zilizoathirika huchochea pia mgando. Kumbukumbu za wagonjwa nchini Sweden zimeonesha ongezeko la mshtuko wa moyo na kiharusi katika wiki za kwanza. Daktari akizuia mgando, anaweza kuchochea uvujaji, na dawa mahususi ya virusi hivi haijapatikana.