Injini inalia, gari halipandi

Wiki hii mapenzi na disko tuviweke pembeni. Tuongelee ndinga, hasa zile zilizoteremshwa chini, zikafungwa ekzosi ya kopo na rimu pana, halafu ndani kuna gia ya otomatiki.

Hapa Pasua, Krismasi ikikaribia, utaziona zinaingia moja moja. Zimetoka Dar, zimekula kilometa mia tano na ushee: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Himo. Njia nzima gari lilikuwa bomba. Kasheshe inaanza siku mwenye gari anapotaka kwenda kumsalimia bibi Marangu. Moshi mjini tuko kwenye mita mia nane na kitu juu ya bahari, lakini pale geti la hifadhi Marangu ni zaidi ya mita 1,800. Huo si mlima wa kuuchezea.

Basi kijana anakanyaga mafuta. Mshale wa raundi unaruka hadi elfu nne, elfu tano, injini inalia kama inataka kupaa. Ukitazama mshale wa spidi, umelala. Hiace imejaa akina mama na mikungu ya ndizi, inampita hivi hivi. Noma!

Mafundi wanasema gari linaslipu. Na jibu la haraka la mtaani unalijua: "Braza, gia boksi imekufa, kachukue nyingine Ilala." Mimi nasema subiri kwanza. Kuslipu ni kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jipu, na daktari anayekupasua bila kupima damu huyo mkimbie.

Kuna mdogo wangu mmoja wa hapa mtaani aliuza bodaboda zake mbili akanunua Mark Two ya miaka ya tisini. Injini yake ya 1G, ambayo ina nguvu ya farasi kama 135, ilishatolewa, ikafungwa 1JZ ya turbo na gia boksi yake. Hiyo 1JZ ilipotoka kiwandani Japani ilitangazwa kuwa na farasi 280. Gari likawa moto. Miezi miwili baadaye likaanza kuslipu. Fundi akamwambia gia boksi kwisha, lete zaidi ya milioni. Mshiko hana. Akanijia jioni, sauti ya chini: "Kaka, nafikiria kuuza kile kipande cha kihamba alichonigawia mzee."

Kihamba, jamani! Shamba walikozikwa mababu, liuzwe kwa sababu ya gia? Nikamwambia, mdogo wangu, kabla hujamtafuta mteja, tulipime gari.

Kwanza ujue kinachofanyika mle ndani. Otomatiki haina klachi ya mguu. Ina pleti nyembamba nyingi zinazobanwa kwa nguvu ya oili. Pampu inasukuma oili, presha inabana pleti, pleti zinashikana, gari linakwenda. Presha ikiwa ndogo, au pleti zikiisha, zinasuguana tu bila kushika. Msuguano unaleta moto, moto unaunguza oili na pleti zenyewe, na kuslipu kunazidi. Kwa hiyo maswali ni matatu: oili ipo? Presha ipo? Pleti zipo? Yafuate kwa mpangilio huo, maana la kwanza ni la bei poa na la mwisho ndilo linalouza mashamba.

Lakini kabla ya hapo, hakikisha kweli ni gia. Injini ikiwa na shida, tuseme bomba la turbo limechomoka, gari linakuwa zito na raundi nazo hazipandi. Gia ikislipu, raundi zinapanda bure. Wengi huchanganya hapo.

Sasa oili. Simamisha gari mahali tambarare, na Pasua tambarare tunayo ya kutosha. Injini iwe imepata moto. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudi P. Kwa Toyota nyingi zenye stiki ya gia, pima injini ikiwa inanguruma. Honda ndio wanataka uzime kwanza. Chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Dondoshea oili kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu, mshukuru Mungu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti zimeumia. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia kwenye gia, na hapo usiwashe gari tena. Angalia pia ni oili gani iliyowekwa. Toyota nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini zinataka Type T-IV. Oili ya CVT kwenye gia ya kawaida ni balaa, usithubutu.

Ya mdogo wangu ilikuwa nyekundu, imefifia kidogo, na harufu ya kuungua hakuna. Tukapumua.

Hatua ya pili, mguu kwenye breki, toa N weka D, uhesabu. Gari lenye afya linashika ndani ya sekunde moja au mbili. La kwake lilikuwa linashika kwa uvivu. Kisha tukaangalia linaslipu gia ipi. Gia moja tu ikislipu, mara nyingi ni pleti za gia hiyo. Zikislipu zote, mpaka rivasi, mshuku presha: pampu, filta, au kinachoiamuru presha. La kwake lilislipu gia zote. Tena gia zilikuwa zinaingia mapema mno, kilegevu, hata ukikanyaga mafuta mpaka chini.

Hapo nikamuuliza swali ambalo ni la lazima kwa gari lolote lililobadilishwa: mara ya mwisho mlifungua nini? Akasema walibadilisha mabomba ya hewa kule mbele ya injini. Tukainua boneti. Gia boksi nyingi za Toyota za enzi zile zina kamba inayotoka kwenye koo la hewa kwenda kwenye gia. Kamba hiyo ndiyo inayoiambia gia dereva amekanyaga kiasi gani, ili iongeze presha. Ya kwake ilikuwa inaning'inia. Farasi 280 wanakimbia, gia inadhani tajiri anakwenda kanisani polepole!

Fundi mwingine akafunga geji ya presha, akarekebisha kamba, presha ikapanda. Tukabadilisha oili na filta, tukaongeza rejeta ndogo ya kupoza oili ya gia. Gharama haikufika hata robo ya ile ya mwanzo. Kihamba kipo, na mzee hajui lolote.

Sitaki kukudanganya kwamba kila gari linapona hivyo. Ukifungua sampo ukakuta chembe nyeusi nyingi na vipande vya chuma, kubali gia ifunguliwe. Oili mpya haioteshi pleti. Na magari yaliyofuata, kama Altezza, presha inaongozwa na kompyuta. Taa ya O/D OFF ikianza kukonyeza yenyewe, nenda kwa mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Inawezekana ni solenoidi au sensa tu.

Wapo wanaopima kwa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mwachie fundi, tena isizidi sekunde tano, na isiwe uchochoroni kwenye watoto. Gari lenye turbo linaweza kuishinda breki.

La mwisho, na hili ndilo linaloniogopesha. Gari linaloslipu usilipandishe mlimani kwa matumaini. Kupanda ni aibu tu, ila kushuka ni hatari. Ukiweka L ili injini ikushike kwenye mteremko wa Marangu, gia inayoslipu inaweza isishike. Breki zitabeba kila kitu, zitapata moto, na nyuma umepakia ndugu. Mwache bibi asubiri wiki moja, au panda Hiace ukae na akina mama na ndizi zao. Utafika.

Haya, tukutane wiki ijayo. Mwendo pole.