DAKTARI AJUE NA DAFTARI



Yako maneno yanayosemwa siku hizi kwamba kijana anayesomea udaktari katika chuo kikuu yafaa asome pamoja na hayo digrii ya biashara. Wengine wamelicheka jambo hili. Wanasema, daktari na duka wapi na wapi? Wengine hutoa methali, kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mimi naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme kwamba jambo hili linatuhusu sisi watu wa mshahara kuliko linavyowahusu hao wanafunzi. Tena nasema yafaa tuliunge mkono, lakini kwa masharti.

Kwanza tujue fedha zinazozungumzwa ni za nani. Zamani haikuwapo bima hii ya afya, wala baba zetu hawakuijua. NHIF ilianzishwa mwaka 1966, na tarehe 1 Oktoba 2024 ikaondoka, mahali pake pakaja mfuko mpya ulio chini ya SHA. Sasa kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake mzima. Mwenye shilingi 40,000 hukatwa 1,100 kila mwezi, na kwa mwaka ni 13,200. Haombwi, hukatwa. Kwa hiyo hospitali si sadaka tunayopewa. Twailipia kama abiria alipiavyo tikiti yake, na abiria aliyekata tikiti ana haki ya kuuliza mbona gari halikuja.

Na gari lenyewe mara nyingi haliji. Mfanyakazi wa chumvi wa Gongoni, wa mkonge wa Vipingo, wa hoteli za Malindi na Watamu, na sisi wa reli tulioko Mariakani, sote tumeyaona. Mgonjwa hupimwa vizuri, huandikiwa dawa, kisha huambiwa dawa hiyo haipo, akanunue nje. Mimi nimepata kumsindikiza jirani katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nikatumwa dukani kununua glavu na uzi wa kushonea. Daktari alikuwapo, muuguzi alikuwapo, na chumba kilikuwa safi. Haikukosekana elimu ya kutibu. Kilichokosekana ni kitu cha stoo.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Injini haisimami kwa sababu ya ufundi mbovu peke yake. Husimama pia kwa kuwa spea haikuagizwa mapema, au imeagizwa isiyofaa na mtu asiyejua injini. Mtunza stoo asiyejua injini hununua kilicho rahisi. Fundi asiyejua stoo hungoja mpaka kitu kiishe ndipo apige kelele. Fomeni mzuri ni yule aliyeanza na spana mkononi, kisha akafundishwa daftari.

Tutazame jambo lililotokea. Mwaka 2015 Serikali Kuu ilifanya mapatano ya kukodi mashine za hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne kubwa za taifa. Mashine zenyewe zilikuwa nzuri. Lakini mahali pengine hapakuwa na umeme wa kutosha, na pengine hapakuwa na mtu aliyefundishwa kuziendesha, basi zikakaa bure na huku fedha za kukodi zinalipwa. Kamati ya Seneti ililichunguza jambo hilo ikatoa ripoti mwaka 2020. Lau kila hospitali ingalikuwa na daktari awezaye kusoma mkataba kama asomavyo cheti cha damu, angaliuliza mapema: Nani ataiendesha? Umeme uko wapi? Ikiharibika atalipa nani?

Tena mzigo umeongezeka. Kazi ya afya ilipohamia kwenye kaunti mwaka 2013, mahali pengi fedha walizolipa wagonjwa zilikwenda kwanza kwenye hazina ya kaunti, na hospitali ikakaa kungoja. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria inayoipa hospitali ya umma ruhusa ya kushika fedha inazokusanya na kuzitumia pale pale. Sheria hiyo ni njema. Lakini fedha zikibaki hospitalini, lazima awepo mtu hospitalini wa kuzihesabu na kujua ni dawa gani ya kutangulia kununuliwa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Huko Marekani vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kuchanganya udaktari na biashara, akamaliza yote mawili kwa miaka mitano. Kwetu Kenya udaktari peke yake ni miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Atakaye biashara huisoma baadaye akiwa kazini. Strathmore ya Nairobi, kwa mfano, ina digrii ya juu ya biashara iliyo kwa ajili ya uendeshaji wa huduma za afya. Lakini ada ya masomo ya namna hii si ya mtoto wa mkata mkonge.

Sasa nije kwa hofu za watu. Wanasema daktari akisoma biashara ataigeuza hospitali kuwa duka. Hofu hiyo si ya bure. Akifundishwa faida tu, atafungua kliniki yake karibu na lango la hospitali na kutuuzia ile dawa iliyokosekana ndani. Lakini, ndugu zangu, mwenye tamaa hahitaji digrii ili aibe, na mtu mwema asiyejua hesabu huibiwa na wanaojua.

Na hao wanaosema mshika mbili moja humponyoka wamkumbuke Tom Mboya. Alisomea kazi ya afya pale Jeanes School, Kabete, akawa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Mwaka 1955 akaenda Ruskin College, Oxford, kusoma mambo ya uendeshaji wa viwanda. Elimu hiyo aliirudisha kwenye meza ya wafanyakazi. Jambo kubwa ni kujua mtu anasoma kwa ajili ya nani.

Basi masharti yangu ni matatu.

Kwanza, elimu hii isiwe ya madaktari peke yao. Vituo vya afya vya mashambani, huko Ganze na Magarini, hushikwa na wauguzi na maafisa wa kliniki. Hapa Kilifi tuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, nacho kina wanafunzi wa uuguzi na wa biashara. KMTC nayo iko Kilifi na Malindi. Wanafunzi hawa wapewe walau somo moja kwa juma la kuagiza dawa, kusoma tenda na kukagua hesabu za mwaka. Kwa hayo hapana haja ya digrii ya pili.

Pili, digrii kamili ya biashara wapewe wachache waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Walipiwe na kaunti, nao watie sahihi kwamba watatumikia hospitali ya umma. Na wasiwaache wagonjwa kabisa. Madaktari wetu ni wachache, na aliyekaa ofisini muda mrefu husahau uchungu wa wodini. Kila juma awe na siku yake ya kutibu.

Tatu, ni sisi wenyewe. Hesabu za hospitali zibandikwe ubaoni kila miezi mitatu, kwa Kiswahili: fedha zilizoingia, zilizotoka, na dawa zilizoko. Chama chetu kidai kiti katika kamati za hospitali. Mtu asiseme hatukusoma. Mimi nina elimu ya shule ya msingi ya misheni tu, lakini nilifundishwa kujumlisha na kutoa, na hesabu za hospitali ni hizo hizo ila ni ndefu.

Wala tusidhani tunawasema madaktari kama adui. Ni wafanyakazi wenzetu. Waligoma siku 100 mwaka 2016 hadi 2017, na siku 56 mwaka 2024, na mara zote mbili waliambiwa fedha hakuna. Neno hilo twalijua, nasi tumeambiwa mara nyingi. Jawabu lake ni moja: leteni daftari tulisome. Daktari anayejua kulisoma atawafaa wenzake mezani na atamfaa mgonjwa stoo.

Naomba viongozi wa matawi ya Mariakani, Kilifi na Malindi walifikirie jambo hili katika mkutano ujao. Kama kila mwezi twaweza kutoa, basi kila miezi mitatu twaweza kuuliza.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli, Mariakani